Ndege ndogo ya rimoti inayoruka kutoka majini: inavyojengwa, na kwa nini betri ije mwisho

Kipindi chetu cha Jumamosi kilikuwa kimeshamalizika lakini simu ya studio ikaendelea kulia. Upande wa pili alikuwa mama mmoja wa Paje, mkulima wa mwani. Mwanawe wa kidato cha tatu ameona kwenye simu ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti ikiruka kutoka majini na kutua tena majini, na tangu siku hiyo hana mazungumzo mengine. Amemwomba mama laki tatu za kuijenga.

"Sikusema ndiyo, sikusema hapana," alituambia. "Nyinyi wa redio niambieni: hili ni jambo la maana, au pesa za mwani zinakwenda kuzama baharini?"

Swali zuri, na hatukuwa na jibu. Tulikwenda Darajani kwa kijana mmoja fundi simu ambaye amejenga ndege ya aina hiyo mwenyewe, kwa kufuata mchoro. Ameomba tusimtaje jina, na sababu mtaiona mbele. Tulikaa naye siku tatu. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Pwani yetu inazijua ndege hizi

Ndege ya majini ipo ya namna mbili. Ya kwanza ni ndege ya kawaida iliyovuliwa magurudumu na kuvishwa maboya mawili chini yake. Ya pili tumbo lake lenyewe ni mashua: inakaa juu ya maji kwa kifua chake, na pembeni ina maboya madogo ya kuizuia isilale upande. Ukiwahi kupanda ngalawa umeshaelewa. Yale marengu ya pembeni yanafanya kazi hiyo hiyo.

Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliishambulia manowari ya Waingereza, Pegasus, hapa hapa bandarini Unguja. Baadhi ya mabaharia waliokufa wamezikwa kisiwani Chapwani. Königsberg ikajificha ndani ya mikono ya Mto Rufiji, kwenye mikoko. Ili kuitafuta, Waingereza walileta ndege ya majini aina ya Curtiss iliyorushwa na rubani raia, Dennis Cutler, kutoka kisiwa kidogo cha Niororo, karibu na Mafia, mwezi wa Novemba mwaka huo. Aliiona. Manowari ile iliangamizwa Julai 1915.

Baadaye kidogo, mwaka 1937, ndege kubwa za abiria za Imperial Airways zilianza kutua majini katika safari ya Uingereza hadi Durban. Zilikuwa na injini nne, na mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 34 na zaidi. Zilitua Kisumu ziwani, kisha Mombasa, Dar es Salaam na Lindi baharini. Kwa hiyo kijana wa Paje hakuzua jambo jipya kwenye maji haya.

Katika habari za vita vile kuna somo kwa mjenzi wa leo. Ndege za Sopwith zilizoletwa mwanzoni mwa 1915 zilipata shida kubwa kuinuka na mzigo katika joto la pwani yetu. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, na bawa hushikilia hewa; hewa ikiwa nyepesi, bawa linapata kidogo cha kushika. Mchoro uliochorwa na mtu wa nchi za baridi ukiujenga mzito kwa gramu mia, kwao unaweza kuruka na hapa ukakataa.

Mchoro: pima kabla hujakata

Siku hizi michoro inapatikana bure kwenye intaneti. Ipo, kwa mfano, Sea Duck ya kikundi cha Flite Test cha Marekani, inayojengwa kwa ubao mwepesi wa povu uliofunikwa karatasi. Unaipakua kwenye simu, unaipeleka stesheneri, wanaitoa kurasa nyingi za A4, unaziunga kwa gundi kama ramani.

Hapo ndipo kijana wetu alipoanguka mara ya kwanza. Mashine za kutoa karatasi mara nyingi hupunguza picha kidogo ili ienee ukurasani. Yake ilitoka asilimia 94 ya ukubwa uliotakiwa, naye hakupima. Asilimia sita inaonekana si kitu. Lakini bawa lina urefu na upana, na vyote viwili vimepungua: bawa la sentimita 120 kwa 20 likawa kama sentimita 113 kwa 19. Ukizidisha, eneo la bawa limepungua kwa asilimia 12 hivi. Mota na betri hazikupungua hata gramu moja. Akawa amejenga ndege yenye mzigo ule ule na bawa dogo, akapoteza wiki mbili na ubao wote.

Kila mchoro mzuri una mstari wa kupimia, ulioandikwa kwa mfano "sentimita 10". Weka rula juu ya karatasi iliyotoka. Kama si sentimita 10 kamili, mwambie wa stesheneri atoe tena kwa asilimia 100. Usiguse kisu kabla ya hapo.

Vifaa vilivyopo Darajani

Mti mwepesi wa balsa unaotajwa kwenye vitabu hatukuuona sokoni. Lakini Darajani ni Darajani. Lile povu jeupe linalofungia TV na friji maduka yanalitupa, na maboksi ya povu ya kuwekea samaki na barafu yakivunjika huuzwa kwa bei ndogo au hutolewa bure. Vijiti vya mianzi vya kuchomea mishikaki vinatia nguvu ndani ya bawa. Chuma cha mwavuli uliokufa ni waya mzuri wa kusukumia usukani. Utepe mpana wa kufungia mizigo unafunika povu lisinywe maji.

Angalia gundi. Gundi ya kukauka haraka, ile ya vichupa vidogo, inalila povu jeupe kama sukari kwenye chai. Rangi ya kupuliza na petroli hufanya vivyo hivyo. Tumia gundi ya mbao isiyoyeyusha povu, au gundi ya kuchanganya mbili kama Araldite mahali penye nguvu nyingi, na rangi ya maji. Kila mara jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Vitu vinavyobaki lazima vinunuliwe: mota ya umeme na rafadha yake, kidhibiti cha mwendo, mota ndogo tatu au nne za kusukuma usukani na vibawa, kipokezi, rimoti, betri na chaja yake maalumu. Hapa ndipo pesa zinapokwenda. Povu ni senti.

Maboya, na siri ya kidato

Sasa tufike kwenye jambo linalotofautisha ndege hii na nyingine zote.

Ndege ya kijana wetu ina uzito wa gramu 900, betri ikiwemo. Ili ielee lazima isukume pembeni maji ya gramu 900, yaani karibu lita moja. Lakini maboya yenye lita moja tu yangezama hadi juu na wimbi la kwanza lingeipindua. Kanuni ya wajenzi ni kufanya ujazo uwe mara mbili ya uzito. Kwa ndege hii ni lita mbili kwa jumla, kila boya lita moja. Fikiria chupa mbili za maji za lita moja zimefungwa chini ya ndege, umeipata picha. Urefu wa boya huwa kiasi cha robo tatu ya urefu wa kiwiliwili, na ncha yake ya mbele itangulie mbele ya rafadha, la sivyo pua itachimba maji.

Kuelea ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuachana na maji. Maji yana tabia ya kung'ang'ania kitu chenye umbo la mviringo. Shika kijiko kwa mpini, sogeza mgongo wake kwenye maji ya mfereji yanayotiririka: utaona maji yanakivuta kijiko badala ya kukisukuma. Boya lenye tumbo laini kutoka mbele hadi nyuma linavutwa hivyo hivyo. Mota italia, ndege itakimbia, lakini haitanyanyuka.

Dawa yake ni kidato. Ukilipindua boya, utaona chini yake, karibu na katikati, tumbo linakatika ghafla na kupanda juu kama sentimita moja, kama ngazi ya mlango. Maji yakifika pale yanashindwa kugeuka kona, yanaachia, na hewa inaingia nyuma yake. Ndege sasa inateleza juu ya sehemu ya mbele tu, kama jiwe bapa unalolirusha likaruka ruka juu ya maji. Kidato hukaa nyuma kidogo ya mahali ndege inaposimama mizani. Kikiwa mbele mno, ndege haitulii inapoteleza. Kikiwa nyuma mno, ndege haiwezi kuinua pua iruke.

Na ukingo wa kidato uwe mkali. Kijana wetu aliusugua kwa msasa ukawa mviringo, akasema unapendeza. Ndege ikagoma kuachana na maji asubuhi nzima.

Mzani

Weka vidole viwili chini ya bawa, kimoja kila upande, ndege ikiwa na betri ndani. Inatakiwa itulie sawa au iiname mbele kidogo. Kwa bawa la upana wa sentimita 20, vidole viwe kati ya sentimita 5 na 6 na nusu kutoka ukingo wa mbele. Ikilalia mkia, sogeza betri mbele. Ndege nzito puani inaruka vibaya. Ndege nzito mkiani inaruka mara moja tu.

Mawimbi: jirani zetu wa redio

Hapa tuko nyumbani. Sisi tunawafikia kwa mawimbi ya FM, yaliyo kati ya megahezi 88 na 108. Rimoti za siku hizi zinatumia gigahezi 2.4, pale pale yalipo mawimbi ya Wi-Fi. Wimbi letu lina urefu wa mita tatu hivi. La rimoti ni sentimita 12 na nusu. Ndiyo maana antena yake ni fupi kama kidole.

Zamani watu wawili wenye rimoti za chaneli moja wakikutana ufukweni, mmoja aliiangusha ndege ya mwenzake. Sasa rimoti na kipokezi huunganishwa mara moja na kujuana, hazisikilizi mgeni. Lakini mawimbi haya mafupi yana udhaifu mmoja mkubwa kwetu: maji huyameza. Kipokezi kikilowa au ndege ikipinduka antena ikawa chini ya maji, mawasiliano yanakatika. Basi antena iwekwe juu kabisa ndani ya kiwiliwili, kipokezi kifungwe ndani ya mfuko wa mpira, na rimoti ipangwe ili mawasiliano yakikatika mota izime yenyewe. Jaribu jambo hilo nchi kavu, rafadha ikiwa imetolewa.

Chumvi ni adui wa pili. Kila ikitoka baharini, ndege ioshwe kwa maji baridi ya kisima au mfereji, ikaushwe, na mota itiwe tone la mafuta. Ukilala bila kuiosha, asubuhi utaona kutu.

Betri: hapa tusikilizane vizuri

Betri za ndege hizi ni za lithiamu, nyepesi na zenye nguvu nyingi. Ya kijana wetu ina seli tatu, volti 11.1, na ujazo wa 2,200, unaoandikwa mAh. Mota yake ikila wastani wa ampea 15, betri ingekwisha kwa chini ya dakika tisa. Na kwa kuwa haifai kuimaliza, ndege inatakiwa ishuke kwenye dakika ya saba.

Betri hii ikichajiwa kwa chaja isiyo yake, ikitobolewa au ikivimba, inaweza kuwaka, na moto wake hauzimiki kwa urahisi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina dari za boriti. Za shamba nyingi zina makuti. Kwa hiyo:

Chaji mchana, nje au jikoni penye sakafu, betri ikiwa ndani ya sufuria au chungu, ndoo ya mchanga ikiwa karibu. Usiiache peke yake. Usichaji usiku, wala chumbani karibu na chandarua. Seli moja isizidi volti 4.2 wala isishuke chini ya 3. Betri iliyovimba, au iliyoingia maji ya bahari, usiitumie tena.

Kuruka na kutua

Mwanzoni asubuhi ni rafiki: bahari imelala na upepo haujaamka. Kati ya kusi na kaskazi, wakati wa maleleji, ni bora zaidi. Maji yawe yanajaa au yamejaa, ili ndege isikwame kwenye miamba na motaboti isije kukudai njia.

Kupaa ni daima kwa kukabili upepo. Mwanzo vuta pua juu huku ukiongeza mwendo polepole, maji yasirukie rafadha. Mwendo ukikolea, ndege itapanda juu ya vidato vyake na maboya yataonekana karibu yote. Hapo legeza pua, iache iteleze, na itaondoka yenyewe. Anayeilazimisha kuruka mapema huiona ikilala bawa moja. Kutua ni kinyume chake: kabili upepo, punguza mota kidogo kidogo, na iguse maji kwa ule ukingo wa kidato. Ipo programu ya kujifunzia kwenye simu. Saa ishirini za kuangusha ndege za kwenye simu hazigharimu kitu.

Kibali, na kwa nini kijana hakutaka jina

Mpaka tunaandika makala hii, ndege ya kijana wetu haijaruka. Imekamilika, imeelea, imekimbia juu ya maji. Hairuki kwa sababu kibali hakijapatikana.

Tanzania ina kanuni za mwaka 2018 kuhusu vyombo vya anga vinavyoongozwa kutoka mbali, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na vyombo vya ulinzi navyo huhusishwa. Usiseme "ni mchezo tu" kisha ukarusha. Uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume uko Kisauni, mlangoni mwa mji, na ndege za kwenda Pemba na Dar zinapita chini juu ya vichwa vyetu. Anza kwa sheha wako, kisha uliza mamlaka, tena kabla hujanunua betri.

Paje nako kuna watu wengine. Kina mama wameinama kwenye mwani, na wageni wanateleza kwa tiara zenye kamba ndefu. Rafadha ya plastiki inayozunguka mara maelfu kwa dakika inakata nyama.

Asubuhi ya siku ya tatu tulisimama naye ufukweni Maruhubi, maji yamejaa. Alikuwa ameushona upya ukingo wa kidato kwa kipande cha plastiki kikali. Alisukuma mota. Ndege ikajikokota, ikainua pua, kisha ghafla ikapanda juu ya maji na kelele ya maji ikabadilika. Boya la kushoto likaachana na bahari. Sote tukashika pumzi. Naye akazima mota. Ikakaa chini taratibu, ikarudi kwa mawimbi.

Tulimwuliza kwa nini. Akasema, "Ikiruka leo ni ya kuficha. Nataka iruke mbele ya watu."

Jibu letu kwa mama wa Paje

Mama, usitoe laki tatu. Wala usikatae. Mpe pesa za karatasi na gundi, povu ataokota. Ajenge kiwiliwili na mabawa, akitupe kwa mkono juu ya mchanga mpaka kiende sawa. Kisha ajenge maboya, ayavute kwa uzi majini mpaka yateleze. Wakati huo aandike barua ya kuomba kibali. Akifika hapo bila kuchoka, na masomo ya skuli hayajaporomoka, mzungumze mota na rimoti. Betri iwe ya mwisho.

Na kama anauliza kazi iko wapi: mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar ilianza kupiga picha Unguja na Pemba kutoka angani kwa ajili ya ramani, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakishiriki. Ndege walizotumia zilikuwa ndogo, za povu, zinazorushwa kwa mkono. Aliyeweza kuzirusha alikuwa lazima ajue mzani, upepo na betri.

Wewe msikilizaji uliyewahi kujenga kidau, tiara au ndege yoyote, tupigie Jumamosi tukusikie.